Majirani wanashukuru, lakini mezani kwetu hawarudi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, Mkenya wa Bungoma. Mume wangu ni mwinjilisti. Kanisa letu la nyumbani ndilo lililotutuma Tanga, na tumepanga nyumba Makorora. Vibali vyetu viko sawa, na majirani hawajatukosea heshima hata siku moja. Ninakuandikia kwa sababu ya upweke, na kwa sababu kuna jambo silielewi.

Kabla hatujasafiri tulifundishwa kwamba mmisionari mwema hufungua mlango wa nyumba yake. Tukaambiwa watu hawatasikia maneno yako kabla hawajala chakula chako. Mimi napenda kupika, na kwetu mgeni akifika maji ya chai huwekwa jikoni kabla hata hajaketi. Kwa hiyo tulipomaliza kupanga vyombo niliwaalika majirani wa pande zote, waume kwa wake, waje tule pamoja jioni. Nikapika kuku, wali, chapati na sukuma wiki. Kila niliyemwalika alinijibu "Inshallah". Wakaja wachache. Walikaa kwenye ncha za viti, wakanywa soda, wakamega chapati kidogo. Kuku hakuguswa. Wakashukuru sana, wakaondoka.

Mara ya pili walikuja zaidi kidogo. Mume wangu aliombea chakula, tukaimba wimbo mmoja, kisha akapiga picha za watu wakiwa mezani, kwa ajili ya ripoti, maana wanaotuchangia hupenda kuona kazi inavyokwenda. Mara ya tatu hakuja mtu. Tulikula wenyewe, na kilichobaki kikalala.

Kuna bibi mmoja, nyumba ya pili kutoka kwetu, Mwislamu, mjane. Yeye huniletea vitu. Mara vitumbua, mara samaki wa kupaka, na Ramadhani alitutumia futari ya mihogo ya nazi na tambi. Humshukuru, nikaosha sahani yake vizuri na kumrudishia siku hiyo hiyo. Amewahi kuniita nikae naye mkekani mchana, lakini mimi huwa na kazi, na tena sitaki kumlia chakula mtu mzima ambaye najua kipato chake ni kidogo. Sasa naona naye ameanza kunipungukia. Salamu ni zile zile, ila sahani haziji tena kama zamani.

Kisha binti yangu akarudi nyumbani akaniambia vijana wa barazani wamesema, "Hao wanatulisha ili watubadili dini." Nililia.

Shangazi, sitakuficha. Ningefurahi sana mtu akimjua Yesu kupitia kwetu. Ndiyo imani yangu na ndiyo sababu tuko hapa. Lakini yule bibi nampenda kwa sababu ni yeye. Kila baada ya miezi mitatu tunajaza fomu: mmepata marafiki wapya wangapi, wangapi wamesikia Neno. Nikimwandika bibi mle ndani moyo unanisuta, na nisipomwandika naona kama nawadanganya wanaotulisha.

Je, tuache kualika watu? Nifanye nini wajue kwamba urafiki wangu ni wa kweli? Na binti yangu anaomba aende kwa bibi Jumamosi akafundishwe kupika vitumbua. Nimruhusu, au ndiyo nitaongeza maneno ya watu?

Mgeni wa Makorora, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na karibu Tanga.

Nianze na linalokuumiza zaidi. Majirani hawajakukataa. Mtu aliyekataliwa mtaani haletewi futari, wala haitwi mkekani na mjane. Ninaloliona katika barua yako ni kwamba wenzako wanakungoja. Wewe umewaita kwako mara tatu, na hujasema popote kwamba umeingia nyumba ya mtu ukala ukashiba.

Huku kwetu mgeni hupokelewa kwanza. Wazee wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na anayepona katika maneno hayo ni mwenyeji, kwa kupata mtu wa kumkirimu. Hapo Makorora mwenyeji ni yule bibi. Kodi ya nyumba unalipa wewe, lakini mwenyeji ni yeye. Ulipotandika meza kubwa kabla hajakulisha yeye, ulimwondolea nafasi yake bila kujua, na pia uliwafanya majirani wawe na deni kwa mtu wasiyemjua. Mtu mzima akijiona ana deni asiloweza kulilipa kwa kiwango kile kile, atashukuru kwa adabu na atakaa mbali.

Nakwambia haya nikiwa Mkristo mwenzako. Mimi ni Mbondei, Mwanglikana, nimebatizwa Magila, na ukoo wetu una akina Yohana na akina Juma wanaozikana na kuozeshana bila ugomvi. Kwa hiyo nichukulie kama mtu anayeitakia heri imani yako na anayewajua majirani zako. Soma tena Luka sura ya 10. Bwana aliwatuma wale wanafunzi bila mfuko wala mkoba, akawaagiza waingie nyumbani mwa watu, wakae humo humo, wale na kunywa watakachopewa. Hakuwabebesha masufuria. Na katika Yohana sura ya 4, mazungumzo yake na yule mwanamke Msamaria yalianza kwa yeye Yesu kuomba maji. Aliyekuwa na kitu cha kutoa pale kisimani, kwa macho ya watu, alikuwa mwanamke. Sijui kwa nini walimu wenu waliiruka sehemu hiyo, maana naona ndiyo iliyo ngumu kuliko kupika.

Sasa sahani. Unaosha vizuri, unarudisha siku hiyo hiyo, tupu. Kwenu huenda hiyo ni heshima. Hapa sahani ya jirani hairudi tupu. Unatia humo machungwa mawili, embe, chapati moja uliyokunja, hata maandazi ya asubuhi. Wala usiirudishe mbio. Ikae kwako kesho na keshokutwa, ili uwe na sababu ya kupiga hodi. Bibi akiipokea na kitu ndani, siku nyingine atatia chake, nawe utatia chako, na kila safari mtasimama mlangoni mkiulizana habari za watoto na mgongo unavyouma. Sahani tupu inayorudi siku ile ile inamwambia mtu kwamba tumemalizana. Naamini ndiyo maana amepunguza, akidhani anakusumbua. Ila usivuke mpaka. Yeye akileta vitumbua vitano, wewe usimrudishie sinia la biriani. Hapo utakuwa unashindana naye, na mjane hana cha kushindania.

Unasema unaogopa kumlia chakula kwa kuwa kipato chake ni kidogo. Nakuelewa, ni huruma. Lakini ukikataa chakula cha asiye nacho, unachomwambia ni kwamba umemwona hana. Kula. Kaa mkekani, nawa mikono, kula tonge zako, sifia nazi, uliza ameungaje. Ukiona kweli hali ni ngumu, siku nyingine pitia kwake ukitoka sokoni umwachie fungu la samaki bila maneno mengi.

Kuhusu picha nitasema kwa kirefu, kwa sababu wewe umeitaja kwa kupita tu na mimi naona hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Mtu ameitwa kula. Amevaa kanga zake, ameketi na majirani, mara anapigwa picha mdomoni mna chakula, baada ya sala na wimbo wa dini isiyo yake. Hakuulizwa. Hajui picha inakwenda wapi. Jiulize wewe: ungealikwa kwa jirani, ukafika ukakuta kisomo, kisha ukapigwa picha na kutumwa nchi usiyoijua, ungerudi? Sala ya chakula haina neno. Mumeo aseme tu, "Sisi desturi yetu huomba kabla ya kula," aombe kwa ufupi, na hakuna Mwislamu wa Tanga atakayeona ajabu, kwani naye atasema bismillahi yake. Wimbo ndio uliogeuza karamu kuwa ibada. Mkitaka kuwaita watu ibadani, waiteni ibadani kwa jina lake, nao wachague.

Kwa hiyo mumeo ana kazi. Awaendee wale wanaume mmoja mmoja, awaambie picha zilikwenda wapi na kwa nini, awaombe radhi, na aliandikie kanisa zisitumike. Wanaume wa mtaa watalizungumza hilo barazani kwa njia nzuri zaidi kuliko karamu nyingine yoyote mtakayoandaa. Tena asiishie hapo. Baada ya kazi akakae nao, anywe kahawa chungu kwa kashata, asikilize habari za mpira na bei ya samaki. Asiende na kitabu mkononi siku za mwanzo. Awe mtu wa mtaa. Kama bado hajajitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa, aanzie huko.

Kuku nalo ni jepesi, ingawa lilikuhuzunisha. Nadhani mlimchinja wenyewe, au hakuna aliyejua nani kamchinja. Waislamu wa huku hula nyama iliyochinjwa na Mwislamu mwenzao, na sisi Wakristo wa Tanga tukiwa na harusi humwita Mwislamu achinje, ili kila anayekuja ale kwa amani. Nenda kwa bibi umwulize, "Bibi, nani wa kunichinjia kuku?" Atakuitia mtu mara moja, na atafurahi kuulizwa. Ukiwa na shaka pika samaki. Na kama masufuria yako yamewahi kupikiwa nguruwe au kuwekewa pombe, usifiche, nunua sufuria jingine la wageni.

Halafu saa na mpangilio. Wake na waume wa nyumba mbalimbali meza moja, usiku, si kawaida ya wengi hapo mtaani. Wanawake hutembeleana baada ya alasiri, kazi zikiwa zimepungua na jua limelegea. Anza na wanawake wawili watatu, chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, chini kwenye jamvi. Na lile "Inshallah" usilichukulie kama uongo. Mtu hawezi kukwambia "siji" usoni. Amekuachia wewe usome.

Kuna mialiko mingine ambayo haiandikwi wala haitumwi. Msiba ukitokea mtaani, usingoje kuitwa. Jifunge kanga, jitande nyingine, nenda ukakae na wanawake, toa mkono wa pole hata kidogo, kisha ingia uani uulize vyombo vya kuosha viko wapi. Jirani akijifungua, nenda ukamwone mzazi na sabuni na sukari. Iddi ikifika utaletewa pilau, na watoto watakuja kwako kutaka mkono wa Iddi. Weka sarafu tayari. Mtu akishakuona kwenye matanga ya mama yake umeinama unaosha masinia, huhitaji kumweleza kwamba urafiki wako ni wa kweli.

Sasa nije kwenye imani, maana umeuliza kwa unyofu na unastahili jibu nyofu. Huna kosa kutamani wengine waamini unachokiamini. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kutangaza na kueneza dini, na inasema ni jambo la hiari. Tatizo la vijana wa barazani ni kwamba waliona chakula kwanza, wakaona dini baadaye, wakaunganisha wenyewe. Chakula kisiwe chambo, na kisionekane chambo. Dawa yake ni kusema mapema mlivyo. Bibi akikuuliza mumeo anafanya kazi gani, usizungukezunguke. Mwambie ni mwinjilisti, kanisa limetutuma, na sisi hupenda kuzungumza habari za Yesu na anayetaka kuzisikia. Kisha mwulize habari za mjukuu wake.

Watu wa pwani hii hawaogopi mtu wa dini anayejulikana ni mtu wa dini. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alipofika Zanzibar mwaka 1844, Seyyid Said, sultani wa Zanzibar na Oman, alimpa barua ya kumtambulisha kwa watu wake wa pwani. Barua ilisema wazi kwamba huyu ni mtu mwema anayetaka kuwaongoa watu kwa Mungu, na ikaagiza atendewe vizuri. Sultani Mwislamu alijua kazi ya mgeni na bado akamkirimu. Mwaka 1848 Krapf huyo huyo alipanda milima ya Usambara hadi Vuga, akapokewa na Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, kama mgeni wake. Hakufika na karamu. Alifika akiwa anategemea ukarimu wa wenyeji, na kazi yake aliieleza. Yako mengi ya wamisionari wa zamani ambayo sitaki myarudie, lakini hilo la kufika ukiwa mgeni na kusema ulilolijia, lishikeni.

Jiandae na jambo moja. Ukiwa rafiki wa kweli wa bibi, siku moja naye atakwambia habari za Mtume wake, na pengine atatamani uwe Mwislamu, kwa sababu anakupenda na anakutakia pepo. Msikilize kama unavyotamani akusikilize. Ukiona huwezi kuvumilia hilo, bado hamjafika kwenye urafiki. Na msaada wowote mtakaoutoa, ada ya mtoto, dawa, nauli ya kwenda Bombo hospitali, utolewe na uishe. Usisindikizwe na kijitabu. Akikataa kila neno la imani yako maisha yake yote, siku akiugua usiku bado ni wewe utakayetafuta bajaji.

Fomu ile ndiyo inayokusuta, na moyo wako uko sahihi. Jina la bibi lisiandikwe humo bila ridhaa yake. Liandikieni kanisa, wewe na mumeo kwa sahihi zenu zote mbili, kabla ya ripoti ijayo. Waambieni mtawaeleza mnayoyafanya nyinyi: tumehudhuria msiba, tumejifunza desturi hii, tumeongoza ibada hii, waliokuja kwa hiari yao walikuwa hivi. Lakini majirani hamtawahesabu kama mavuno kabla wao wenyewe hawajasema lolote, wala hamtatuma picha za watu wakila. Waelezeni sababu, waelezeni hata kisa cha mezani. Huenda baadhi ya wachangaji wakapungua, sitakwambia hilo haliwezekani, na kwa familia inayotegemea michango ni jambo la kuogopesha. Lakini fikiria bibi, au mjukuu wake mwenye simu, akiikuta siku moja picha ya jirani zake chini ya maneno "watu tunaowafikia". Hiyo ndiyo hasara nisiyojua mtailipaje.

Msiache kualika. Pumzikeni tu kwanza, mpaka muwe mmekula kwa watu.

Na binti yako mruhusu. Asiende mikono mitupu, mpe mchele na nazi moja, na umwambie akifika aanze kwa shikamoo kabla ya kusema lililomleta. Nguo iwe ya heshima, akipewa mbuzi ya kukunia nazi asikatae hata kama hajawahi. Mwambie bibi mwenyewe kwamba unamtuma, usiache mtoto apeleke ujumbe, na ukae naye kidogo siku hiyo, nusu saa ya kazi zako haitaharibika. Ila kamwulize kwanza saa ipi inamfaa, maana Jumamosi nyingi mtaa huo huwa na harusi, na yeye huenda ndiye anayeitwa kusimamia jiko.

Shangazi